Beki Si Ndengu

Kila baada ya miaka michache dunia hugundua upya kwamba mtu wa Afrika Mashariki anaweza kusimama juu ya barafu. Mwaka 1998 zamu ilikuwa ya Philip Boit, mkimbiaji wetu wa mita 800 aliyegeuzwa mtelezaji wa theluji kwa pesa za Nike, akapelekwa Olimpiki ya Nagano kwenye mbio za kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mstarini wakakumbatiana, na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Daehlie. Mwaka 2014 ikawa zamu ya vijana Wasomali wa mji wa Borlänge, Sweden, walioenda Irkutsk, Urusi, kucheza mashindano ya dunia ya bendi, mchezo wa magongo juu ya barafu unaotumia mpira. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Nairobi: Tim Hortons, kampuni ya kahawa ya Kanada, iliwabeba wachezaji wa Kenya Ice Lions hadi kwao, ikawavalisha jezi mpya, kisha Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia kucheza nao. Tangazo likazunguka dunia nzima. Watu walilia, hata mimi nililengwalengwa na machozi.

Picha ni ile ile kila mara. Ngozi nyeusi, barafu nyeupe, piano kwa mbali. Halafu kimya, mpaka Mwafrika mwingine aonekane amevaa glavu.

Mimi nimechoka na hiyo picha. Waliomo ndani yake hawana kosa, wamefanya kazi kubwa kuliko sisi tunaowapigia makofi. Kinachonichosha ni kwamba inatufundisha kupenda sekunde 90 za mchezaji na kusahau miaka yake kumi. Na tabia hiyo haikuletwa na wazungu wa matangazo peke yao. Sisi wenyewe ndio mabingwa wake.

Tuanze na mambo yenyewe. Ice Lions walizaliwa kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005. Ni uwanja mdogo kuliko ule kamili wa hoki ya barafu, na ulijengwa kwa ajili ya familia kuteleza wikendi, si kwa ligi. Wageni waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, Wakanada na Wamarekani, ndio walioanza kucheza pale. Vijana wa hapa walioajiriwa kusimamia uwanja, pamoja na wale waliozoea kuteleza na viatu vya magurudumu barabarani, wakaingia mmoja mmoja. Vifaa vilikuwa vya kuazima na kupewa. Hadi tangazo lile linapigwa, timu haikuwa imewahi kukutana na timu nyingine. Walikuwa wakijigawa wawe wawili, basi. Septemba 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Ni safari ndefu, na sehemu kubwa yake ilipita bila kamera.

Sasa sikia kilichonipata. Mimi huandika kwa kulipwa kwa makala, kazi ya leo hapa kesho pale. Mhariri mmoja wa ng'ambo aliniomba hadithi ya timu hii. Maagizo yake yalikuwa mafupi: nitafute mchezaji anayetoka mtaa wa mabanda, ambaye hajawahi kuona theluji, na niweke joto, vumbi na simba. Nikamtumia rasimu. Nilikuwa nimetumia aya nzima kueleza kwamba mchezaji mmoja ni beki, na jinsi beki anavyofunzwa kuteleza kinyumenyume. Aya hiyo ikakatwa. Akaniuliza, "Je, alilia alipoiona theluji mara ya kwanza?" Nikamjibu kwamba sikuuliza. Makala haikutoka, na pesa pia hazikutoka.

Wacha basi niieleze hapa ile aya iliyokatwa, maana hoja yangu yote imo ndani yake.

Hoki ya barafu ina watu sita uwanjani kwa kila upande: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mshambuliaji anaweza kuwa moto akiwa na miaka 18. Akiwa na mbio na mkono mwepesi, akikosea mara tisa na kufunga ya kumi, jina lake liko gazetini. Beki maisha yake ni mengine. Anateleza akirudi nyuma huku amemtazama anayemjia kwa kasi. Ni lazima ajue fito za goli ziko wapi bila kugeuka. Asome mabega ya mtu, si paki, kile kisahani cheusi cha mpira, kwa sababu paki hudanganya na mabega hayadanganyi sana. Zamu yake uwanjani haifiki dakika moja, anatoka akihema, anarudi tena. Akifanya kazi yake sawasawa hakuna kinachotokea. Kosa lake moja ndilo hurudiwa kwenye runinga. Ndiyo maana makocha wa mchezo huu husema beki huchelewa kuiva. Unamjenga polepole, na unahitaji mahali pa kumweka wakati anajengeka.

Mahali hapo, kule Marekani, mara nyingi ni chuo kikuu. Mtazame Cale Makar, Mkanada wa Calgary. Alipokuwa kijana hakukimbilia ligi kubwa za vijana za Kanada, kwa sababu siku hizo ukizicheza ulipoteza haki ya kuchezea chuo cha Marekani. Akaenda mji mdogo wa Brooks, kwenye ligi ya chini. Mwaka 2017 Colorado Avalanche wakamchagua wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu, NHL. Wa nne duniani! Hapa kwetu siku hiyo angepokewa uwanja wa ndege na ngoma na wabunge watatu. Yeye akaenda darasani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichokuwa kimetoka kwenye msimu wa aibu: mechi 36, ushindi tano. Baada ya mwaka mmoja akabaki, hakukimbilia pesa. Mwaka wa pili wakafika fainali ya taifa, yeye akapewa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo. Wakapoteza fainali hiyo tarehe 13 Aprili 2019. Siku mbili baadaye alikuwa uwanjani na Colorado kwenye mechi za mtoano, akafunga goli katika mchezo wake wa kwanza. Mwaka 2022 alibeba Kombe la Stanley, tuzo ya beki bora wa ligi, na ya mchezaji bora wa mtoano. Beki bora akawa tena mwaka 2025.

Utasema huyo ni kipaji cha pekee. Sawa. Lakini kilichonigusa katika historia yake si magoli. Ni ule muda. Timu iliyomchagua ilimngoja, chuo kikampa barafu kila siku, kocha, daktari, chakula na darasa, na hakuna aliyemwambia amechelewa. Na wako mamia ambao hawatafika NHL kamwe, mabeki wa kawaida kabisa, wanaocheza miaka minne, wanatoka na digrii, wanakuwa walimu na mainjinia. Hiyo pia ni kazi ya maisha iliyokamilika. Hakuna anayeiita kufeli.

Natoka Tseikuru. Kama hupajui, toka Nairobi hadi Mwingi, endelea kaskazini upite Kyuso, ukiona mibuyu inazidi na watu wanapungua, umekaribia. Kwetu tunajua ndengu. Ndengu unapanda mvua ikianza, na baada ya miezi miwili na kidogo unavuna, unapeleka sokoni, unalipa deni la duka. Ni zao zuri, limetusomesha wengi, na kaunti ya Kitui ilitangaza hata mapinduzi ya ndengu. Ila hata mkulima asiyejua kusoma anajua kwamba mwembe haulimwi hivyo. Mwembe unaungojea. Unaumwagilia hata miaka ambayo haukupi kitu, unauwekea miiba mbuzi wasiule. Ukiungoja kwa siku za ndengu utaukata uwe kuni.

Michezo ya nchi hii inaendeshwa na watu wanaolima kila kitu kama ndengu.

Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Rais aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars milioni moja kwa kila ushindi. Vijana wakawafunga Kongo, wakawafunga Moroko, wakawafunga Zambia, kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti. Sina wivu na hizo milioni, walizitolea jasho. Nauliza tu: ni nani aliyemlipia beki huyo huyo akiwa na miaka 17, wakati kiatu kimepasuka na karo haijaisha? Pale Barabara ya Ngong unajengwa uwanja wa Talanta wa viti 60,000. Viti 60,000 vya kutazamia! Sijaona nafasi 600 za kumkuza kijana kutoka kidato cha nne hadi miaka 22.

Na hapo ndipo tunapokatikia. Shuleni tunacheza sana. Michezo ya shule za upili inatoka kanda hadi kaunti hadi taifa, magari yamejaa nyimbo. Unafanya mtihani wa kidato cha nne, na siku unapoweka kalamu chini, mchezo umeisha. Timu yetu ilikuwa na beki wa kati niliyemwita Namba Tano, kwa sababu ya jezi. Mimi nilicheza beki wa kulia pembeni yake na ninakwambia sijaona mtu anayesoma mabega kama yule. Hakuwa na mbio. Hakuhitaji. Leo ana bodaboda kati ya Tseikuru na Kyuso, ana watoto wawili, ana heshima yake, na Jumapili anacheza mechi ya soksi mpya. Hajawahi kufeli mtihani wa mpira. Hakuna aliyewahi kumpa huo mtihani.

Mimi nilipata chuo. Nilienda na barua, na godoro, na cheti cha michezo ambacho mama alikuwa amekiwekea karatasi ya plastiki. Muhula wa tatu karo ikaanza kunishinda. Nikaenda ofisi moja pale chuoni kuuliza kama kuna msaada wowote kwa mchezaji wa timu ya chuo. Bwana mmoja akakiangalia cheti, akakigeuza, akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, hii haina fomu." Mwaka wa pili sikumaliza. Sisemi digrii yangu iliuawa na mpira, wala kwamba mpira ungeiokoa. Nasema mlango ule, ambao beki wa kawaida wa Massachusetts hupita bila hata kuuona, kwetu haujachorwa ukutani.

Najua vipo vyuo hapa vinavyojaribu. USIU na Strathmore wametoa ufadhili kwa wachezaji, na tunaona matokeo. Lakini jambo jema la vyuo viwili vitatu vya binafsi jijini si mfumo. Kijana wa Ngomeni au Tharaka hawezi kupanga maisha yake juu ya bahati hiyo.

Kuna watakaonijibu kwamba vyuo vya Marekani si mbinguni. Ni kweli, na sisi tunajua kuliko wengi. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Nne! Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980, na baadaye pombe na umaskini vilimtesa miaka mingi ugenini. Alifariki Februari 2024. Mkamba mwenzangu Michael Musyoki alipitia chuo cha Texas kule El Paso, akapata shaba ya mita 10,000 mjini Los Angeles mwaka 1984. Vyuo hivyo vilibeba vikombe kwa miguu yetu. Wanariadha wa vyuo hawakuruhusiwa kupata hata shilingi kwa majina yao hadi mwaka 2021, na hadi leo mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo amefungwa mikono kwa sheria za uhamiaji. Siwatetei. Lakini ona hoja inakoelekea: ikiwa hata mfumo wenye tamaa unajua kwamba mchezaji anahitaji miaka minne, sisi tunaodai kumpenda tumempa nini?

Usiniambie pia kwamba hatuwezi. Tuliwahi kuweza, tena kwenye hoki, ile ya nyasi. Kenya ilimaliza ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964. Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki, Barcelona 1971, tulikuwa wa nne. Nahodha wa enzi hizo, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Na alicheza nafasi gani? Beki. Jamaa alilinda lango la nchi hii kwa zaidi ya mwongo mmoja. Hakuokotwa na tangazo. Nyuma yake kulikuwa na klabu kama Sikh Union, na jamii za Masingasinga na Wagoa zilizocheza kila wiki na kumsubiri kijana hadi akomae. Mara ya mwisho timu yetu ya wanaume kucheza hoki ya Olimpiki ilikuwa Seoul 1988. Vipaji havikukauka mwaka huo. Wale waliokuwa wakimwagilia ndio waliopungua, na serikali haikushika ndoo.

Nilipomweleza mjomba wangu haya yote nikiwa nyumbani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, huku tunatafuta maji, wewe unatuletea barafu?"

Nilicheka, na swali lake ni halali. Kaskazini mwa Kitui mama anaamka usiku kufuata maji, kisha mimi nasimulia mchezo wa hoteli ya Barabara ya Mombasa. Lakini nilimwomba ahesabu visima anavyovijua vilivyozinduliwa kwa hema, viti vya plastiki na hotuba, kisha pampu ikaharibika na hakuna aliyerudi. Akavihesabu kwa vidole, akaishiwa na mkono mmoja. Huo ndio ugonjwa wenyewe, mjomba. Tunajua kuzindua, hatujui kutunza. Anayemsahau beki baada ya tangazo ndiye huyo huyo anayesahau pampu baada ya utepe kukatwa. Ukimponya kwa moja, utakuwa umemfundisha kwa la pili.

Kwa hiyo madai yangu si ya kishairi. Vyuo vikuu vya umma, kikiwemo kile cha kwetu Kwa Vonza, viweke nafasi za wachezaji zenye karo iliyolipwa kwa miaka yote minne, si muhula mmoja wa picha. Basari za kaunti na za maeneo bunge ziitambue michezo kama zinavyoitambua karo. Itengenezwe ile fomu ambayo cheti changu hakikuwa nayo. Na Ice Lions wapewe kitu kimoja kinachoonekana kidogo na ambacho ndicho kila kitu: saa za barafu. Sasa kwa kuwa nchi ni mwanachama wa shirikisho la dunia, saa hizo zilipwe kama tunavyolipia mazoezi ya timu nyingine za taifa, zisitegemee ukarimu wa hoteli wala mfuko wa mgeni.

Na sisi wa kalamu na simu, tunaopiga picha na kuandika, tuna deni letu. Ukikutana na mchezaji wa timu ile, tafadhali usimuulize kama amewahi kuona theluji. Muulize anacheza nafasi gani, ameicheza kwa miaka mingapi, na wiki hii alipata barafu kwa saa ngapi. Kisha andika jibu la hilo swali la mwisho, na umtaje anayepaswa kulijibu.